Namba ya Marehemu Iliyobaki Ndani ya Programu

Baba mkwe wangu, mkuu wa nyumba hii, ambaye kwa heshima ya desturi ya kwenu sijawahi kusimama mbele ya uso wako nikasema neno. Mchungaji, uliyekuja kumwombea kijana wetu safari njema. Mwenyekiti na wanachama wa kikundi chetu cha maziwa cha Kawetele. Mama Subilaga, mjane wa Mzee Anyosisye, uliyetoka Mpuguso mapema ili usichelewe. Walimu wenzangu na majirani. Nawe shemeji Asajile, uliyekubali kusoma barua hii kwa sauti bila kuuliza imeandikwa nini: nawasalimu wote, kila mmoja kwa nafasi yake. Kwa salamu ya kwenu: ndaga.

Barua yenyewe si yenu. Ni ya mwanangu Lugano, anayeondoka leo kwenda Dar es Salaam kuanza kazi ya kuandika programu za kompyuta. Nimeomba isomwe mbele yenu kwa sababu ningempa mkononi angeisoma, angeikunja, na angenyamaza. Kunyamaza nimemfundisha mwenyewe. Mtasikia jinsi nilivyomfundisha.

Mwanangu Lugano,

Naandika jioni ya kuamkia safari yako, begi lako likiwa limeegeshwa ukutani. Sitakuambia ubebe sweta au uliache, upike nini, usali wapi. Una miaka ishirini na minne, na joto la pwani litakufundisha habari za sweta upesi kuliko mimi. Nitakuambia jambo moja la kazi yako, ambalo niliwahi kulifanya kama kazi yangu pia, na ambalo nimelijua kwa kuliharibu.

Unakumbuka mtambo ulivyoanza. Kikundi kilipopata tangi la kupozea maziwa, Mwenyekiti aliniuliza kama kompyuta zangu hizo zinaweza kulilinda. Mimi ni mwalimu wa hisabati niliyeletwa Rungwe kutoka Singida na barua ya ajira, nikaolewa hapa, nikamzika baba yako hapa, na programu nilijifunza peke yangu, jioni, kwenye kompyuta ya shule. Nilikubali kabla hajamaliza swali. Nikafunga kipimajoto kwenye tangi, nikakiunganisha na kompyuta ndogo, nikaandika programu: maziwa yakipita nyuzijoto sita, ujumbe utumwe kwenye simu ya mhudumu wa kituo. Mhudumu wakati huo alikuwa Mzee Anyosisye. Namba yake niliiandika ndani ya programu yenyewe, katika mistari saba tofauti, kama mtu anayechonga jina la mpangaji kwenye saruji ya nyumba.

Watu wakaanza kuniita Mwalimu wa Mtambo. Sitakuficha, jina lile lilinikaa vizuri. Kikomo cha joto, namba ya nani, neno la siri la kuingilia, vyote vilikaa kichwani mwangu na si kwingine. Mwenyekiti aliniomba niviandike karatasini. Alisema, "Mwalimu, siku ukiitwa na Bwana sisi tutamuuliza nani?" Nikamjibu kwamba Bwana anajua bado nina kazi Kawetele. Wanakikundi wakacheka, nami nikacheka nao, na karatasi sikuiandika. Nilipenda kuulizwa. Mtu anayependa kuulizwa ni hatari, mwanangu, kwa sababu atahakikisha hakuna mwingine mwenye jibu.

Wewe ndiye uliyenikemea kwa upole, ulipokuja likizo ukiwa mwaka wa kwanza chuoni. Uliisoma programu yangu ukitikisa kichwa. "Mama, kinachobadilika hakikai chumba kimoja na kisichobadilika. Namba ya simu inabadilika. Itoe nje." Tukakaa jikoni siku nzima ya mvua, sufuria zikitoa mvuke, tukavitoa kimoja kimoja na kuviweka katika faili moja fupi la mipangilio, kila mstari ukiwa na jina linalojieleza: namba ya mhudumu, kikomo cha joto, kila baada ya dakika ngapi. Faili tukaliweka kwenye flashi iliyochomekwa kwenye mtambo, ili yeyote aliyeruhusiwa aweze kulibadilisha bila kuigusa programu. Siku hiyo nilikuona umenipita, na sikuona wivu. Ninaitaja kwa sababu ndiyo siku ya mwisho katika habari hii ambayo sioni haya kuikumbuka.

Kuna mstari mmoja niliubakiza bila kukuambia. Mstari huo ulisema hivi: programu isipoliona faili la mipangilio, itumie namba ya Mzee Anyosisye. Nilijiambia ni tahadhari.

Mzee Anyosisye akafariki. Gwamaka akashika kazi yake. Nilibadilisha namba kwenye faili, nikatuma ujumbe wa majaribio, na simu ya Gwamaka ikalia mfukoni mwake. Akasema, "Mwalimu, tangi limeniamkia." Kisha nikafungua programu, nikafika kwenye ule mstari mmoja, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, na nikauacha. Familia ya marehemu ilikuwa bado haijakaa kugawa vitu vyake. Hapa kwetu koti la marehemu haliguswi, jembe lake haliguswi, mpaka wazee wakae. Niliona si adabu mimi, niliyekuja na barua ya ajira, kuwa wa kwanza kumfuta.

Ndivyo nilivyojieleza. Leo nasema ulikuwa uvivu uliovaa koti la desturi. Desturi inalinda koti na jembe. Haikuniagiza niache maziwa ya kaya arobaini chini ya ulinzi wa mtu aliyelala makaburini.

Sasa nakuja kwenye siku zenyewe. Wewe ulikuwa chuoni, ulisimuliwa tu, na uliyosimuliwa si yote.

Ijumaa moja ya mwaka juzi nilipita kituoni nikitoka shule. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulihitaji kuchapishwa mjini Tukuyu kabla duka halijafungwa, na flashi ya shule ilikuwa imejaa virusi. Nikachomoa ile ya mtambo. Programu ilikuwa imekwisha kusoma mipangilio yake ilipowashwa, kwa hiyo iliendelea na kazi bila neno, na ukimya ule nikauchukua kuwa ni ruhusa. Nilisema nitairudisha Jumamosi. Jumamosi sikuirudisha. Jumapili ilikuwa ndani ya mkoba wangu kanisani, kati ya kitabu cha nyimbo na leso.

Ibada ikiendelea, umeme ulikatika kidogo kisha ukarudi. Mtambo ukajiwasha upya, ukalitafuta faili, haukuliona. Programu iliyoandikwa na mtu mwaminifu ingesimama hapo hapo na kupiga king'ora kijiji kizima kisikie kwamba haina mipangilio na haiwezi kulinda kitu. Yangu iliokota ule mstari ikaendelea kimya, kana kwamba hakuna kilichopungua. Tangi nalo halikurudi kupoza, maana likizimika linataka mkono wa mtu ubonyeze kitufe. Joto likapanda. Ujumbe ukatumwa mara kumi na saba kwa Mzee Anyosisye.

Gwamaka alikuwa ameketi benchi la pili nyuma yangu. Simu yake ilikuwa juu ya goti, sauti imefunguliwa, kama tulivyokubaliana: mhudumu aruhusiwe kwenda ibadani, mradi simu iwe wazi. Mzee mmoja alimkazia macho kwa ajili ya simu ile. Gwamaka akainama na kumnong'oneza kwamba ni ya tangi, Baba, si ya dunia. Niliwasikia, nikatabasamu, na mkoba ulikuwa mapajani mwangu.

Jumapili jioni kituo hakipokei maziwa, kwa hiyo hakuna aliyelitazama tangi mpaka Jumatatu, gari la maziwa lilipokuja. Dereva akapima, akanusa, akafunga kopo lake la kupimia. Bomba la tangi likafunguliwa, na maziwa ya Jumamosi jioni na ya Jumapili asubuhi yakateremka kwa mfereji mpaka kwenye migomba ya chini, meupe, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani maziwa yanaweza kumwagika. Mama mmoja aliifunika ndoo yake tupu kwa kitenge, kama asingependa ione.

Mwenyekiti alimuuliza Gwamaka kama alilala. Gwamaka akasema hakulala, simu haikulia. Wakaichukua simu, wakaipekua, hawakuona kitu. Ndipo mtu mmoja nyuma, ambaye leo yumo katika mkutano huu na simtaji, akasema, "Amefuta. Anayefuta meseji za wasichana atashindwa za tangi?" Watu wakacheka kile kicheko cha watu waliopoteza kitu. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Mwalimu, mwenye mtambo ni wewe. Mtambo ulituma au haukutuma?"

Niliingia ndani nikafungua kumbukumbu za mtambo. Namba ile niliitambua kabla sijaisoma mpaka mwisho. Mkoba ulikuwa begani, flashi ikiwa ndani yake. Nilisimama pale kwa muda ambao walio nje waliuona kuwa ni umakini wa mtaalamu. Kisha nikatoka nikasema, "Ulituma. Mara kumi na saba."

Lugano, kila neno katika jibu lile lilikuwa kweli. Nimefundisha hisabati miaka ishirini na minane, najua jibu sahihi kwa swali pungufu linavyoweza kumfelisha mtu asiye na kosa. Hakuna aliyeuliza ulituma kwa nani. Simlaumu hata mmoja; aliyepaswa kulijua swali hilo alikuwa amekwisha kujua na jibu lake.

Gwamaka aliniangalia. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Kama ni Mwalimu amesema, basi." Akavua ufunguo wa kituo shingoni, akauweka juu ya kopo la maziwa, akaondoka kwa miguu kwa njia ile ile ambayo maziwa yalipita.

Mama Subilaga, kinachofuata kinakuhusu wewe, na sikukuomba ruhusa. Kesho yake, Jumanne, nilikuja kwako Mpuguso. Simu ya marehemu ilikuwa juu ya kabati, juu ya kitambaa ulichofuma mwenyewe, imechajiwa, kwa sababu watu wa pole walikuwa bado wanapiga. Uliniambia kwamba Jumapili ulibaki nyumbani na homa, na simu ile ililia mpaka ukaona haya kwa majirani. Nikakuuliza kama ulisoma ujumbe. Ukasema, "Mimi sifungui meseji za mume wangu, Mwalimu. Alipokuwa hai sikufungua, nianze leo?" Nikakuomba niiangalie, nikisema ni mambo ya mtambo. Ulikwenda kunichemshia chai. Ulipokuwa unapuliza moto, mimi nilikuwa nafuta ujumbe mmoja mmoja, wote kumi na saba. Kisha nikanywa chai yako na nikakushukuru.

Gwamaka alihukumiwa kwa kufuta. Aliyefuta ni mimi.

Usiku wa siku hiyo hiyo niliuondoa na ule mstari kwenye programu. Nilirudisha flashi mahali pake. Mtambo umefanya kazi vizuri tangu hapo, na mwisho wa mwaka kikundi kilinipa kitenge cha shukrani, kwa kuwa ilikuwa imethibitika kwamba mtambo hauna kosa. Nimekivaa mara moja. Gwamaka alihamia Isongole, anabeba magunia ya viazi kwa bodaboda. Wazazi wa mchumba wake walisema hawampi binti yao mtu anayelala maziwa yakiharibika. Mama yake Gwamaka sasa huketi benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, na hutoka kabla ya salamu. Haya yote niliyaona, na kila Jumapili nilijiambia kwamba kuna siku itakayofaa zaidi kusema.

Huenda ningekufa na jambo hili. Lakini mwezi uliopita ulifungua programu ili uiweke sawa kabla hujaondoka. Mstari haukuwepo tena. Ila wewe mwenyewe ulinifundisha kuhifadhi historia ya kila badiliko, na historia hiyo inakumbuka kilichofutwa, nani alifuta, na siku gani. Uliniita nikiwa namenya viazi.

"Mama, namba hii ilikuwa ya nani?"

"Ya zamani," nikasema.

Unaijua namba ile kwa kichwa. Ndiyo uliyokuwa ukimpigia Babu Anyosisye tangu shule ya msingi ili akuwekee maziwa ya mgando. Nilikuona ukiitazama tarehe. Nilikuona ukihesabu nyuma mpaka Jumatatu ya mfereji. Kisha ukasema, "Sawa, mama," ukafunga kompyuta, ukachukua kisu ukaja kunisaidia kumenya. Tulimenya ndoo nzima tukizungumza habari za mvua.

Sijalala vizuri tangu ile "sawa, mama". Nilikuwa nadhani nimeficha kosa. Kumbe nilikuwa nalirithisha. Unakwenda kwenye kazi ambako programu hazitalinda maziwa peke yake. Kutakuwa na watu ndani yake, dawa zao, majina yao, watoto wao. Na siku moja mkubwa wako atakuuliza swali pungufu mbele ya watu, nawe utakuwa tayari na jibu sahihi la mama yako.

Kwa hiyo chukua hiki kidogo nilichonacho. Kinachobadilika kikae nje, mahali pamoja, kwa jina ambalo hata mgeni atalielewa, na watu zaidi ya mmoja wajue kilipo. Siri za kuingilia usiziandike ndani ya programu hata kwa siku moja, maana historia haisahau kwa kuwa wewe umefuta. Na programu ikikosa inachokihitaji, iache ikatae kuwaka. Watakununia, watasema unawachelewesha, watakuomba uweke chochote cha kuziba pengo ili kazi iende. Mimi niliziba pengo. Nililiziba kwenye programu kwa namba ya mtu aliyekufa, na nikaliziba uani mwa kituo kwa jina la mtu aliye hai. La kwanza lilikuwa kosa la fundi. La pili sina neno la fundi la kuliita.

Sikuombi unisamehe ndani ya gari. Msamaha wako haujafika zamu yake.

Baba mkwe, Mchungaji, Mwenyekiti, na ninyi wote: narudi kwenu, maana kuna uamuzi, na hauwezi kutekelezwa bila ninyi.

Mezani mbele ya Mwenyekiti kuna bahasha. Ndani yake kuna neno la siri la mtambo, nakala ya mipangilio yote iliyochapishwa kwa maneno ya kawaida, na karatasi ya kumbukumbu ya Jumapili ile, yenye saa za ujumbe wote kumi na saba na namba ulikotumwa. Mama Subilaga ataithibitisha namba hiyo. Kuanzia sasa mimi si mlinzi wa mtambo. Mtachagua wawili, nami nitawafundisha mpaka wasinihitaji. Kitenge kiko chini ya bahasha.

Chakula mnachosikia harufu yake hakitapakuliwa hapa. Mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na nyama vimefungwa, vimo ndani ya gari lile litakalompeleka Lugano Mbeya kupanda basi, na gari dogo la Mchungaji litafuata. Yote mawili yatasimama Isongole. Gwamaka hajui kwamba tunakuja. Sikutaka ajiandae kutupokea vizuri. Mwenyekiti, ufunguo wa kituo uko mfukoni mwako, na leo utarudi kwenye shingo ulikotoka, kama mwenyewe atakubali kuupokea. Baba mkwe, umri wako ututangulie uani kwake. Mimi nitasimama mbele yako na mbele yake, uso kwa uso, niseme kwa mdomo wangu yaliyosomwa hapa; na desturi nitakayokuwa nimeivunja nitaijibu tukirudi. Kutoka hapo wawili kati yenu mtakwenda kwa wazazi wa yule binti, na mtakwenda leo. Gwamaka akitufukuza, tutaacha chakula mlangoni kwake na tutarudi tena wiki ijayo.

Lugano, hupandi basi mpaka hili liishe. Kama litaondoka, na liondoke.

Shemeji Asajile, hapo ndipo mwisho. Nipo nyuma ya mlango wa jiko, viatu nimekwisha kuvaa. Mpe Lugano karatasi hizi, kisha uwashe gari.